Nani Angekukatia Umeme? Mwongozo kamili wa kuwaonyesha mabinti filamu za dada waliokataa

Katika filamu ya Mustang kuna shangazi mmoja ambaye haonekani sana. Wasichana watano, ndugu wa tumbo moja, wametoroka nyumbani kwenda uwanjani kutazama mpira, siku ambayo wanaume wamezuiwa kuingia na mashabiki wote ni wanawake. Huku nyumbani wanaume wamekaa mbele ya runinga wakiisubiri mechi hiyo hiyo. Shangazi anawaona mabinti kwenye kioo, wanaruka na kupiga kelele katikati ya umati. Kabla wanaume hawajainua macho, anazima umeme wa nyumba, kisha anatoka mbio kwenda kuukata wa kijiji kizima.

Nimeionyesha filamu hiyo mara nyingi Tanga mjini na Muheza, na kila mara hapo ndipo ukumbi unapolipuka kwa vigelegele. Kutoka hapo nilipata swali ninalolitumia kuliko mengine yote: katika ukoo wenu, nani angekukatia umeme?

Mwongozo huu ni wa mwalimu, kiongozi wa kikundi cha akina mama, dada wa madrasa au wa kanisa, yeyote anayetaka kuwaonyesha mabinti filamu za aina hii bila kuwaacha pabaya. Maana binti ukimfungua macho halafu ukamrudisha peke yake kwenye nyumba ile ile, umemwongezea mzigo. Maandalizi yote yaliyo hapa chini yanamtafuta huyo shangazi.

Hatua ya kwanza: tafuta watu kabla ya filamu

Alika wawili wawili. Dada na mdogo wake, mtu na shoga yake, binamu wanaolala chumba kimoja. Binti akija peke yake, mwambie kwa upole akamlete mwenzake. Filamu hizi zinahusu wasichana wanaoshikana, na usiku ule wakirudi nyumbani watakuwa na mtu wa kuzungumza naye gizani.

Mabinti 20 hadi 24 wanatosha. Wakizidi hapo wanaongea wale wale watatu na wengine wanageuka watazamaji wa mazungumzo. Kisha tafuta watu wazima sita au saba wa kike kutoka familia hizo hizo: shangazi, mama mdogo, bibi, somo. Na tafadhali usiwaache nje makungwi, wanaowafunda mabinti unyagoni. Unyago nao ni udada. Una nyimbo zake, una mabinti waliochezwa pamoja wasiosahauliana mpaka uzeeni, una somo anayesimama na binti siku ngumu. Kungwi akisikia kuna kikao cha mabinti na hakualikwa, atakisema vibaya mtaani, na atakuwa na haki. Akialikwa, mara nyingi ndiye anayejua kuliko wote nyumba ipi inapanga kumwoza nani.

Wavulana na akina baba wana onyesho lao siku nyingine. Kuwachanganya mara ya kwanza kunawafunga mabinti midomo.

Hatua ya pili: chagua filamu

Hapa chukua muda, kwa sababu kosa la filamu halirekebishiki kwa mazungumzo mazuri.

Kwa mabinti wadogo, wa miaka 10 hadi 13, anza na Wadjda ya mwaka 2012, kazi ya mwongozaji Haifaa al-Mansour wa Saudi Arabia. Mtoto wa Riyadh anataka baiskeli ya kijani, anaambiwa baiskeli si ya msichana, naye anajiandikisha kwenye mashindano ya kusoma Kurani ili apate fedha za kuinunua. Pwani filamu hii inapokelewa vizuri mno, kwa kuwa binti hakimbii dini yake. Anaisoma kwa bidii. Mwongozaji mwenyewe alilazimika kuongoza baadhi ya matukio ya mitaani akiwa amejificha ndani ya gari, kwa sababu mwanamke hakupaswa kuonekana akiwaamrisha wanaume hadharani. Waeleze mabinti jambo hilo kabla filamu haijaanza. Wataitazama kila picha ya barabarani kwa jicho jingine.

Kwa waliotimiza miaka 15 na zaidi, Mustang. Ni filamu ya mwaka 2015 ya Deniz Gamze Ergüven, yenye dakika 97, kisa chake kikiwa kijiji cha Uturuki kando ya Bahari Nyeusi. Siku ya kufunga shule mabinti wanacheza baharini na wavulana wa darasani, jirani anapeleka maneno kwa bibi yao, na kuanzia jioni hiyo nyumba inageuka. Simu zinachukuliwa, kompyuta inafungiwa, magauni mapana ya rangi ya kahawia yanashonwa, wanawake wa jirani wanakuja kufundisha upishi, kuta zinainuliwa, vyuma vinachomelewa madirishani. Halafu wachumba wanaanza kuja. Wazee wetu wa pwani wana neno lao, kutawishwa: binti akivunja ungo anawekwa ndani na barabara haimwoni tena. Ndiyo maana filamu ya Kituruki haihitaji maelezo mengi Pangani au Lamu. Lakini ina mambo mazito. Mmoja wa dada anajiua, na ami yao, mtoto wa bibi huyo, anawaingilia usiku. Usiionyeshe bila hatua ya sita.

Moolaadé ya mwaka 2004, ya marehemu Ousmane Sembène wa Senegal, ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo ninayoichelewesha. Ina dakika 124, na inakwenda kwa mwendo wa kijiji. Wasichana wanne wanakimbia kukeketwa na kuomba hifadhi kwa Collé, mke wa pili katika nyumba ya wake watatu. Collé anafunga uzi wa rangi rangi mlangoni mwa ua. Huo uzi tu. Ngariba waliovaa nguo nyekundu wanafika, wanasimama, hawauvuki, kwa sababu hifadhi hiyo ni mila ya kale na kila mtu anaiogopa. Anapambana na mila kwa mila. Makungwi wakiiona hawahisi wametukanwa, maana silaha ya Collé imetoka kwenye kabati lao wenyewe. Na tazama wake wenza: unadhani watasalitiana, kumbe mke mkubwa anasimama naye. Hii ni ya wiki ya pili au ya tatu, watu wakishazoeana.

Kwa Kiswahili unayo Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, ya mwaka 2021, kutoka riwaya ya Adam Shafi. Zanzibar ya miaka ya 1950, Yasmin binti wa Kihindi anamkimbia mume asiyemtaka, na anayempokea ni Mwajuma, asiye ndugu wala wa kabila lake. Wengi huitazama kama hadithi ya mapenzi na siasa. Mimi nawaambia mabinti wamfuate Mwajuma: hesabuni mlango wake umefunguliwa mara ngapi. Ina mambo ya mapenzi, kwa hiyo iwe ya wakubwa.

Na kama uko Mara, au upande wa Kenya kwa Wakuria, tafuta In the Name of Your Daughter ya mwaka 2018. Si ya kuigiza. Ni mabinti wa Serengeti wanaokimbilia nyumba salama ya Mugumu inayoongozwa na Rhobi Samwelly, msimu wa Desemba wa ukeketaji ukiwa umeanza. Watu wataitambua barabara na pengine wataitambua sauti, kwa hiyo nenda nayo polepole na uwashirikishe wenyeji tangu mwanzo.

Hatua ya tatu: ruhusa

Tanzania Bara, filamu ya kuonyeshwa hadharani hupitia kwa Bodi ya Filamu chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya 1976. Wewe anzia kwa afisa utamaduni wa wilaya, atakuelekeza. Kenya ni Bodi ya Kuainisha Filamu. Mwandikie pia msambazaji wa filamu, mweleze ni watu wangapi, ni kikundi gani, na kwamba hakuna kiingilio. Wasambazaji wengi wana bei ya vikundi vya kijamii. Kupakua ya wizi kutoka intaneti ni kumpa adui wa kikao chako sababu ya kukifunga.

Kisha mwenyekiti wa mtaa, barua mkononi. Na wazazi: ridhaa ya maandishi, ikitaja jina la filamu na kisa chake. Usifiche. Mzazi aliyedanganywa kwamba ni semina ya usafi atamchapa mtoto, si wewe.

Hatua ya nne: tafsiri

Kituruki, Kibambara, Kiarabu, na chini yake maandishi ya Kiingereza yanayopita mbio. Nusu ya mabinti hawatayawahi. Lakini sisi tuna ujuzi wetu. Kizazi kizima Tanzania kilikulia kwenye vibanda umiza, Lufufu akitueleza filamu kwa Kiswahili juu ya sauti ya wenyewe; Kenya wana DJ Afro. Fanya hivyo hivyo, ila bila mbwembwe. Mtafsiri wako awe mwanamke, aitazame filamu mara mbili akiwa peke yake, aandike maneno kwenye daftari, na usiku wa kuamkia onyesho afanye mazoezi na maikrofoni.

Mwambie mambo mawili. Kwanza, pale wanaponyamaza, anyamaze. Watafsiri wetu wana hofu ya ukimya. Pili, kila mtu aongee kwa heshima ya kwao: bibi wa Mustang aseme "wajukuu zangu", si "nyinyi wasichana"; Collé amwite mke mkubwa "dada". Neno likikosa mwenzake, liache. Katika Moolaadé msichana asiyekeketwa anaitwa bilakoro, kwa kejeli. Mtafsiri wangu alitaka kutafuta neno la Kiswahili, nikamzuia. Baada ya filamu niliuliza: kwenu neno hilo ni lipi? Binti mmoja aliyekulia Tarime akasema kwa sauti ndogo, "Omosagane." Kisha akaongeza kwamba hajawahi kulitamka mbele ya watu.

Hatua ya tano: ukumbi na umeme

Onyesho la kwanza nililoandaa, umeme ulikatika dakika ishirini kabla ya mwisho. Kwenye Mustang hapo ni pale Nur na mdogo wake Lale wamejifungia ndani siku ya harusi na wanaume wanaivamia nyumba. Tulisubiri mpaka magharibi ikakaribia, nikawaruhusu. Wiki nzima mabinti 22 walitembea na mwisho ambao si mwisho. Mmoja aliniambia sokoni, "Dada, ndiyo maana hakuna faida ya kukataa, si umeona walivyokamatwa." Nilitetemeka. Nilizunguka nyumba kwa nyumba kuwakusanya waje waone kilichofuata.

Kwa hiyo jenereta ni lazima, hata kama umeme wa mtaa wenu haukatiki. Projekta ya kawaida, laptopu na spika mbili havifiki wati 500 vyote pamoja, hivyo jenereta ndogo ya kilowati 1 inatosha. Iweke nyuma ya ukuta, mbali na madirisha, kwa ajili ya kelele na moshi. Filamu iwe kwenye laptopu na nakala kwenye flashi. Shuka jeupe lipigwe pasi na kuvutwa kwa kamba pande nne. Mkunjo mmoja unapita kwenye uso wa mtu filamu nzima. Madirisha yafunikwe kwa mablanketi, kanga haizuii mwanga wa mchana.

Saa saba na nusu mchana wafike, saa nane filamu ianze, saa kumi kasoro iishe, chai na maandazi, kisha mazungumzo mpaka saa kumi na moja. Kila binti awe nyumbani kabla ya adhana ya magharibi. Ukimchelewesha mara moja, hatarudi.

Hatua ya sita: ulinzi

Siku mbili kabla, kaa na mabinti na uwaambie kilichomo: kuna kifo cha kujiua, kuna mtu mzima wa nyumbani anayefanya ubaya. Anayetaka kutokuja asije, bila kuulizwa sababu. Kuharibu utamu wa hadithi si kitu.

Weka mwanamke mmoja mlangoni, kazi yake hiyo tu. Binti akitoka, amfuate, akae karibu naye, asimhoji. Mwambie kila mtu tangu mwanzo kwamba yasemwayo humu yanabaki humu, isipokuwa moja: ukiniambia uko hatarini, nitatafuta msaada. Usiahidi siri usiyoweza kuitunza. Kabla ya siku yenyewe, onana na afisa ustawi wa jamii wa kata na dada wa Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, ujue sura zao na simu zao. Namba 116 ya kuwasaidia watoto inapigwa bure Tanzania na Kenya. Iandike kwa chaki ubaoni, kubwa.

Jua na sheria, kwa sababu mtu mzima mmoja atakuuliza. Kumkeketa aliye chini ya miaka 18 ni kosa la jinai Tanzania tangu mwaka 1998, kifungo chake miaka 5 hadi 15. Kumwoa mwanafunzi wa msingi au sekondari ni miaka 30, tangu marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016. Mwaka huo huo Mahakama Kuu, katika kesi iliyofunguliwa na Rebeca Gyumi, iliona kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vinavyoruhusu binti kuolewa kabla ya miaka 18 vinakiuka Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo Oktoba 2019. Yaseme kwa utulivu, usiyatumie kama fimbo.

Picha marufuku. Hata ya kumbukumbu, hata ya mfadhili. Filamu ya Difret, inayosimulia kesi ya binti wa Ethiopia aliyetekwa aolewe, ilisimamishwa kwa amri ya mahakama siku ya uzinduzi wake Addis Ababa, Septemba 2014, kwa malalamiko ya mwenye kisa chenyewe. Kisa cha mtu ni mali yake. Uso wa binti kwenye kundi la WhatsApp la mtaa unafika kwa baba yake kabla yeye hajafika nyumbani.

Hatua ya saba: mazungumzo

Usifungue kwa "mmejifunza nini?" Hilo ni swali la darasani, litakupa majibu ya darasani. Baada ya Mustang anza na Ece, dada aliyekufa. Usieleze alivyofanya. Sema kwamba imeumiza, kwamba dada zake walibaki na pengo, na kwamba yeyote mwenye mawazo kama yale azungumze leo, kabla hajaondoka, na huyu mama aliyekaa hapa. Mtaje, asimame aonekane.

Kisha uliza: nyumba ilibadilika vipi, kitu kipi kilianza? Wataanza kuhesabu, simu, kompyuta, nguo, ukuta, vyuma, na kubishana kipi kilitangulia. Waache wabishane. Wanajifunza kuona kwamba kufungiwa hakuji siku moja.

Halafu muulizie bibi. Mabinti watamshambulia. Siku moja Muheza walimshambulia mpaka mzee mmoja aliyekuwa nyuma, amejifunga kanga mpaka kichwani, akasema bila kunyanyuka, "Huyo bibi mimi namjua. Alikuwa anawaogopa watu, si wajukuu. Na alimjua yule mwanawe. Alikuwa anawatoa ndani mmoja mmoja kwa njia ya harusi, maana hakuwa na nyingine." Ukumbi ulinyamaza. Mjukuu wake, aliyekaa mkekani mbele yake, hakugeuka. Alinyoosha mkono nyuma, akaishika ncha ya kanga ya bibi yake, akabaki ameishika mpaka tulipomaliza.

Maneno ya mzee yule ni ya kukaa nayo. Mara nyingi anayefunga mlango na anayeweza kuufungua ni mtu mmoja.

Sasa toa vipande vya karatasi. Kila binti aandike jina moja: nani angekukatia umeme? Fafanua vizuri. Humtafuti mtu mpole, unamtafuta mwenye swichi, yule ambaye baba akimsikia ananyamaza. Wengi huandika "mama" kisha wanafuta. Mara nyingi anayebaki ni shangazi mkubwa, dada yake baba, kwa kuwa katika koo nyingi mambo ya posa hayaendi bila yeye. Kuna aliyewahi kuandika mjomba mvuvi, na kuna aliyemwandika mwalimu wa madrasa.

Kusanya karatasi wewe mwenyewe. Zile tupu ndizo za kuanza nazo. Onana na wenye karatasi hizo wiki hiyo hiyo, ukiwa na afisa ustawi wa jamii.

Hatua ya nane: wiki ya pili

Mabinti warudi wawili wawili, safari hii na mtu waliyemwandika. Msaidie binti kumwalika: nenda naye, kaa sebuleni, kunywa maji, zungumza habari za shamba kwanza. Kabla hawajafika, funga uzi wa sufi wa rangi tatu mlangoni, usawa wa goti. Waache wauruke bila maelezo, kisha onyesha Moolaadé.

Baada ya filamu, kila binti na mtu wake wakae pembeni dakika kumi wakubaliane mambo matatu: namba ipi ya kupiga, usiku wa hatari binti atalala wapi, na neno gani litatumwa kama simu inasomwa na mwingine. Neno liwe la kawaida kabisa. Shangazi mmoja na mpwa wake walichagua "Naomba ungo wa bibi." Shangazi akalirudia mara mbili, kisha akauliza kama binti akisahau neno, akituma tu "ungo", itatosha. Tukakubaliana itatosha. Akatoa simu kwenye fundo la kanga, akambadilishia binti jina alilokuwa amemhifadhia, akamwonyesha jinsi ya kuiacha ilie hata ikiwa usiku wa manane.